Tokeni Zinaisha Haraka? Angalia Balbu Zako, na Uwajue Majirani Zetu

Unatuma shilingi 500 kwa Paybill 888880, namba ya tokeni inaingia kwa simu, unaibonyeza kwa mita na stima inarudi. Kwa wengi wetu hapa Kinoru, hadithi inaishia hapo mpaka mita ianze kulia tena. Lakini kati ya pesa uliyotuma na taa iliyowaka kuna safari ndefu, na sehemu ya safari hiyo inavuka mipaka ya nchi. Ukiielewa, utajua pesa yako inapotelea wapi.

Stima yako inatoka wapi?

Sehemu yake inatoka hapa karibu, kwa mabwawa ya Mto Tana upande wa Embu: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Nyingine ni ya mvuke wa ardhini kule Olkaria. Halafu kuna ya majirani. Uganda imekuwa ikituuzia umeme tangu miaka ya 1950, baada ya bwawa la Owen Falls kujengwa Jinja. Ethiopia ilianza kutuuzia megawati 200 Novemba 2022, kwa mkataba wa miaka 25. Umeme huo husafiri kilomita 1,045 kutoka Wolayta-Sodo hadi Suswa, kaunti ya Narok. Tanzania nayo tumeunganishwa nayo kwa laini kubwa.

Hii inakuhusu vipi? Mvua ikikosa kwa mabwawa yetu, njia rahisi ni kuwasha mitambo ya dizeli. Dizeli ni ghali, na gharama hiyo anaibeba mteja. Soma vizuri ule ujumbe wa tokeni: pesa yako inakatwa mara kadhaa kabla ya kugeuka yuniti, na gharama ya mafuta ni moja ya makato hayo. Kununua umeme wa maji kwa jirani kunapunguza haja ya kuchoma dizeli.

Balbu mbovu haijui mpaka

Sasa, haina maana kuvuta umeme kilomita elfu moja halafu uishie kwa balbu inayopasha dari joto. Ile balbu ya zamani ya waya hupoteza karibu asilimia 90 ya umeme wake kama joto. Mwanga ni kidogo tu kinachobaki.

Nchi moja haiwezi kumaliza tatizo hili peke yake. Kenya ikikataza bidhaa duni na jirani aziruhusu, zitapita tu mpakani na kufika soko la Gakoromone. Ndiyo maana nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinafanya kazi pamoja kupitia EACREEE, kituo cha kanda cha nishati mbadala na matumizi bora ya nishati, chenye makao yake Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Kupitia mradi wa EELA, unaosimamiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la UNIDO kwa ufadhili wa Uswidi, nchi za Afrika Mashariki na Kusini zimekuwa zikioanisha viwango vya balbu na vyombo vya umeme. Lengo ni kwamba kinachokataliwa Kampala kisipate soko Meru.

Hapa kwetu, kanuni za mwaka 2016 zilileta lebo ya nyota kwa vyombo kama friji na balbu. Nyota zikiwa nyingi, chombo kinakula stima kidogo.

Tufanye hesabu

Yuniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa moja. Chukua nyumba yenye balbu tatu za wati 60, zinazowaka saa tano kila jioni. Kwa siku 30 zinakula yuniti 27. Badilisha uweke LED za wati 9, ambazo mwanga wake haupishani sana na zile: utatumia kama yuniti 4. Umeokoa yuniti 23 kwa taa peke yake.

Na faida haiishii hapo. Bei ya stima ya nyumbani inategemea kiwango unachotumia. Wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi wako kwa bei ya chini kabisa. Ukipita hapo bei ya kila yuniti inapanda, na ukipita 100 inapanda tena. Tuseme TV, redio na kuchaji simu vinakula yuniti 15. Na balbu za zamani jumla ni 42, umeshapita mstari. Na LED jumla ni 19. Unanunua yuniti chache, na kila moja unaipata kwa bei nafuu. Kumbuka tu kiwango hupimwa kwa wastani wa miezi mitatu, kwa hivyo usivunjike moyo ukikosa kuona tofauti mwezi wa kwanza.

Anza na haya leo

- Weka ujumbe wa tokeni. Usiufute. Jumlisha yuniti ulizonunua miezi mitatu iliyopita, ugawe kwa tatu. Hapo utajua uko upande gani wa 30.
- Anza na balbu inayowaka muda mrefu zaidi. Mara nyingi ni ya sebuleni, au ya nje inayokesha. Huna haja ya kubadilisha zote siku moja.
- Piga pasi nguo za wiki mara moja. Kuipasha pasi upya kila asubuhi kunakula stima.
- Una duka au kinyozi? Kabla ya kununua friji ya mtumba, uliza nyota. Bei ya kununua unalipa mara moja, lakini stima utalipa kila mwezi.
- Hakikisha namba ya mita kabla ya kuweka PIN. Na mtu akikupigia akitaka PIN yako ili “akurekebishie tokeni”, kata simu. Huyo ni tapeli.

Mikataba ya Addis Ababa na Kampala hatuwezi kuisaini sisi. Swichi ya sebuleni ni yetu. Ukienda sokoni wikendi hii, nunua LED moja, halafu mwezi ujao linganisha ujumbe wako wa tokeni na wa mwezi huu.