Garanti ya mpangaji ni feza ya nani?

Katika mikutano ya chama maswali juu ya nyumba za kupangisha yanazidi kuwa mengi. Mmoja ana anexe mbili nyuma ya nyumba yake kule Katuba, mwingine aliachiwa parseli na marehemu mume wake, mwingine amejenga chumba kimoja kwa feza ya likelemba. Kila mmoja anaeleza kwa maneno yake, lakini tatizo ni lilelile: mpangaji anataka kuhama, anadai garanti yake, na feza haipo tena.

Tuseme wazi: garanti si mapato, ni deni. Mama anayeipokea amekopa kwa mpangaji wake, hata kama neno mkopo halikutamkwa. Kwa sababu inaingia mara moja, tena ni nyingi kuliko feza ya mwezi, tunaiona kama baraka. Inakwenda kwenye mabati, kwenye minervali, kwenye matanga. Hatuwalaumu wenye kufanya hivyo, shida za nyumbani tunazijua sote. Ila deni linabaki palepale.

Tupige hesabu kama darasani. Nyumba inalipwa dola 60 kwa mwezi, garanti ni ya miezi 3: jumla dola 180. Ukiila yote, siku ya kurudisha utatafuta feza ya miezi mitatu ya nyumba hiyohiyo. Wengi wanakimbilia kumwingiza mpangaji mpya upesi ili garanti yake imlipe yule wa kwanza. Deni halikuisha, limebadili mwenyewe tu, na mpangaji aliyeingizwa mbio hakuulizwa anafanya kazi gani wala alitoka wapi kwa nini. Afadhali uweke dola 15 pembeni kila mwezi. Baada ya miezi 12 zile 180 zimerudi.

Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite feza ya miezi 3. Tunajua mjini bado wako wanaoomba 6 na kupita, na wako makomisionere wanaowasukuma. Mama mmoja alituambia kwamba akiomba mitatu tu ataonekana mjinga. Hatukubaliani naye. Anayechukua ya miezi sita kwa nyumba ile ya dola 60 amejifunga deni la dola 360, na amewakimbiza wapangaji wazuri wasio na feza nyingi mkononi, walimu kwa mfano!

Swali lingine: mpangaji amepewa preavi, anajibu, "Sitalipa tena, nitakula garanti yangu." Wenye nyumba wengi wanakubali kwa sababu inawaepusha kutafuta feza. Lakini angalia: akimaliza kuila, hakuna kinachobaki cha kulipia kioo kilichovunjika, kufuli iliyong'olewa, au bili ya umeme na maji aliyoiacha. Garanti iliwekwa kwa ajili ya mambo hayo. Ukikubali ailiwe, kubali ya mwezi mmoja au miwili, ibakize sehemu, na mwandike makubaliano hayo mkiweka sahihi wote wawili.

Kuandika ndiko kunakokosekana zaidi. Kabla mpangaji hajaingiza kitanda chake, tembeeni pamoja chumba kwa chumba: milango mingapi, vioo vingapi vizima, rangi ikoje, kontere ya umeme inasoma ngapi. Andikeni kopi mbili, kila mtu abaki na yake. Siku ya kutoka mnarudia na karatasi ileile. Bila karatasi, wewe unasema dirisha lilikuwa zima, yeye anasema alilikuta limevunjika, na hakuna wa kuwaamua. Fanyeni hivyo hata kama mpangaji ni mtoto wa dada yako. Tungesema hata zaidi kama ni mtoto wa dada yako.

Na asiyelipa kabisa? Kung'oa mlango, kutupa vyombo nje, kumletea vijana wa kumtisha: hayo yanaweza kumgeuza mwenye haki kuwa mshitakiwa. Pelekeni neno kwanza kwenye ofisi ya makao ya komini yenu, wao wajaribu kuwapatanisha. Mkishindwana, ndipo mahakama. Nenda na mkataba na daftari la malipo. Tena unapopokea feza, toa risiti kila mara, hata ya dola 20.

Kodi ya mapato ya nyumba, ile wengi wanaita IRL, inakwenda kwa jimbo. Ulizeni kiwango kwenye ofisi ya mapato ya jimbo lenyewe, si kwa mtu anayepita na begi, na msilipe bila karatasi.

Mwisho, mama aliyeolewa anaweza kusaini mkataba? Ndiyo. Tangu sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliyorekebisha Sheria ya Jamaa, ruhusa ya mume imeondolewa. Sasa mume na mke wanatakiwa wapatane juu ya mikataba inayowafunga. Hiyo inakata pande zote mbili: naye baba hatakiwi kupangisha na kupokea garanti peke yake, halafu siku ya kurudisha mpangaji akaja kubisha kwako. Wekeni majina yenu mawili kwenye mkataba.