Sumu Isiyoonekana na Kipimo Chake

Mwaka 1986, Serikali ya Kenya ilipoharamisha matumizi ya kiuatilifu cha DDT mashambani, mtu angeweza kudhani kwamba habari ya sumu ile imekwisha. Lakini dawa hiyo, ambayo haichanganyiki na maji bali hushikamana na tope na mafuta ya viumbe, haitii amri ya mtu, na hata inapovunjika huacha DDE, ambayo nayo hudumu kwa miaka mingi. Ndiyo maana wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, miongoni mwao Profesa Shem Wandiga, walipochunguza mashapo ya pwani kuanzia Sabaki hadi Ramisi, Mombasa ikiwemo, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2007, waliyakuta humo mabaki ya viuatilifu vya zamani.

Msomaji mwenye insafu, akisimama Bandari ya Kale ya Mombasa na kutazama ng'ambo ya hori, Mkomani, iliko Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ana haki ya kuuliza: mtaalamu asemaye kwamba katika kilo moja ya tope mna kiasi fulani cha sumu, amejuaje kwamba mashine yake haikumhadaa? Wafanyabiashara waliopokea tende na chumvi kutoka majahazini walijua kwamba mizani haiaminiki mpaka mawe yake yathibitishwe. Na maabara nayo ina mawe yake, yaitwayo sampuli rejeleo.

Sampuli hizo ni za namna mbili. Ya kwanza ni kiuatilifu chenyewe, kilichosafishwa na kujulikana usafi wake, ambacho kwacho mashine hufunzwa kutambua na kukadiria. Lakini sumu haiji maabara ikiwa peke yake: sharti kwanza itolewe katika jani, tope au mnofu wa samaki, na katika kutolewa huko sehemu yake huweza kupotea pasipo mtu kujua. Kwa hiyo hutengenezwa namna ya pili, yaani tope, kome au samaki halisi, aliyekaushwa, akasagwa, akachekechwa, akachanganywa mpaka kila chupa ifanane na mwenzake, kisha akapimwa na maabara nyingi mahiri, almuradi ipatikane hati yenye kiasi cha sumu pamoja na kadiri ya shaka iliyobaki. Maabara ya bahari ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, iliyoasisiwa Monaco mwaka 1961, ni mashuhuri kwa kazi hiyo. Mtaalamu hupima chupa kama hiyo sambamba na tope lake. Akipata jibu lililo mbali na lile la hati, hana budi kuyakataa na majibu yake mengine.

Wala jambo hili si la wanazuoni tu. Umoja wa Ulaya, pale ambapo haukuweka kiwango maalumu, hauruhusu kiuatilifu kuzidi miligramu 0.01 katika kilo ya chakula, nayo ni sawa na gramu moja katika tani 100. Mwaka 2013, baada ya mabaki ya kiuatilifu cha dimethoeti kuonekana mara kwa mara, maharagwe na njegere za maganda kutoka Kenya zilitiwa katika ukaguzi mkali, sehemu 10 katika kila 100 za shehena zikipimwa mipakani. Katika viwango vidogo kiasi hiki, kosa dogo la kipimo latosha kumtia hasarani mkulima asiye na hatia, au kumpitisha mwenye hatia.

Fauka ya hayo, kila kitu kina tabia yake. Iliki na pilipili manga za soko la Marikiti zimejaa mafuta na rangi ambazo huweza kuikuza au kuififiza ishara ya sumu mashineni, ilhali tango, ambalo aghalabu ni maji, halina taabu hiyo. Hivyo sampuli ya tango haiwezi kuwa shahidi wa iliki. Yatupasa basi, sisi wa Afrika Mashariki, tusitosheke na kununua mashine za thamani, bali tutengeneze pia sampuli rejeleo za mchicha wetu, viungo vyetu, changu wetu na tope la mikoko yetu, kwani hukumu juu ya chakula cha watu haipasi kutegemea ushahidi wa kitu kisichofanana nacho.