Kuipima Siku ya Mtoto

Mwalimu apangapo mazoezi ya mpira, kwaya au masomo ya ziada, mara nyingi hutazama ratiba ya shule pekee. Lakini siku ya mtoto haianzi kwa kengele ya asubuhi wala haiishi kwa kengele ya mwisho. Hapa tunaeleza njia nyepesi ya kuipima siku hiyo nzima.

Tulipowatembelea wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha karibu na Kwa Sadala, wilayani Hai, tulimkuta mtoto wa darasa la sita akisinzia kila kipindi cha hesabu. Mwanachuo alikwisha kumwandika kuwa mvivu. Tulimshauri amtake mtoto achore mstari wa siku yake, saa kwa saa. Ikaonekana kwamba huamka saa 11 alfajiri, hufagia na kuteka maji, kisha huenda shule. Baada ya vipindi hubaki kwa mpira na masomo ya ziada. Arudipo hukata majani ya ng'ombe, humsaidia mama kupanga ndizi za sokoni, hula, huandika kazi ya shule, na hulala saa 5 usiku. Usingizi wake ni wa saa 6, ilhali mtoto wa miaka 6 hadi 12 huhitaji saa 9 hadi 12. Nafasi ya kucheza haikuwamo kabisa.

Mchezo si anasa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inautaja pamoja na chakula, mavazi na elimu katika mambo ambayo mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto. Tena, mpira unaoongozwa kwa filimbi ya mwalimu ni zoezi. Mchezo hasa ni ule ambao watoto hujitungia wenyewe kanuni zake.

Basi yafaa mwalimu afuate hatua hizi:

Kwanza, mwanzoni mwa muhula kila mtoto achore mstari wa siku yake.

Pili, usingizi uhesabiwe kabla ya yote. Kisha vipindi, kazi za nyumbani, na wakati wa kula na kuzungumza na wazazi. Kinachobaki ndicho kigawanywe.

Tatu, shughuli mpya iingiapo, nyingine itoke. Siku ya mpira isiwe siku ya masomo ya ziada.

Nne, kazi za nyumbani ziingizwe darasani. Mikungu ya ndizi, bei zake na lita za maziwa ni hesabu tosha. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka kazi na masomo viende pamoja.

Tano, mistari hiyo ioneshwe katika mkutano wa wazazi, pasipo lawama, kwa kuwa jamaa nyingi hutegemea mikono ya watoto siku ya soko.

Mwanachuo wetu alilifuta neno "mvivu" katika daftari lake. Hapana budi nasi tupime kwanza, ndipo tuhukumu.