Mgeni Rasmi na Wenyeji Wake: Utangulizi wa Somo la Ziara za Viongozi katika Vikundi vya Jamii Mkoani Singida

Msafara wa Mkuu wa Mkoa unapoingia kijijini, wanakikundi huwa wamekaa tangu asubuhi, vitenge vya sare mwilini, viti vya plastiki vimepangwa chini ya turubai. Risala inasomwa. Wageni wanaoneshwa mashine ya kukamua alizeti au mizinga ya nyuki. Mgeni rasmi anasema machache, ambayo mara nyingi si machache, anasaini kitabu cha wageni na kuondoka. Tukio hili limezoeleka mno hata wasomi wengi wamelipita bila kugeuka. Utangulizi huu unamkaribisha msomaji alitazame kama somo kamili, na unampa ushauri mmoja wa kuanzia: asikimbilie hotuba ya mgeni, aanze na maandalizi ya wenyeji.

Kwanza tuelewane ni vikundi gani. Kwa sensa ya 2022, Singida ina watu milioni 2 hivi, wanaoishi katika halmashauri 7, kuanzia Itigi, inayosifika kwa asali, hadi Iramba na Mkalama upande wa kaskazini. Humo mna VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), vyama vya ushirika vya msingi, vikundi vya wanawake, vya vijana na vya watu wenye ulemavu, na vile vya kufa na kuzikana. Havitembelewi kwa usawa. Kikundi chenye mkopo wa halmashauri au mradi wa kuoneshwa hupata wageni, ilhali cha kuzikana chaweza kudumu miaka mingi, kikazika na kufariji, bila kiongozi wa mkoa kukanyaga mlangoni pake. Mtafiti anayefuata msafara tu atarudi na picha ya vikundi vinavyoihitaji serikali, akadhani ndiyo picha ya jamii nzima.

Ziara zenyewe zina historia ndefu. Wajerumani walikuwa na boma Kilimatinde, katika Manyoni ya leo. Waingereza walipojenga utawala wa wenyeji chini ya sheria ya 1926, maofisa wao walikwenda safari vijijini, wakafanya mabaraza na kuandika walichokiona. Baada ya uhuru, Singida ikawa mkoa mwaka 1963, na mwaka uliofuata zikaanza mbio za Mwenge wa Uhuru, ziara ya kitaifa ambayo hadi leo hupita ikikagua na kuzindua miradi, ya vikundi ikiwamo. Mpango wa Madaraka Mikoani wa 1972 uliziondoa halmashauri na kuwapa watendaji wa mkoa nguvu kubwa. Halmashauri zilirudi katika miaka ya 1980, na Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 ikaufanya mkoa kuwa msimamizi na mshauri zaidi kuliko mtekelezaji. Kwa hiyo Mkuu wa Mkoa wa leo anafika mbele ya kikundi akiwa na heshima kubwa kuliko mfuko wake: mkopo anaoulizwa hutoka halmashauri.

Mkopo huo ndio kiini cha ziara nyingi. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 serikali iliisimamisha, baada ya kelele nyingi juu ya vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, kisha ikairudisha mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, nayo ya 2018, iliviweka vikundi vya kuweka na kukopa katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Hapo ndipo ziara ilipopata uzito mpya. Kusikika mbele ya Mkuu wa Mkoa ni kujitenga na vikundi hewa hadharani, na saini yake kitabuni ni ushahidi ambao kikundi kitautoa kitakapoomba tena.

Soma risala kwa makini utaliona hilo. Huanza kwa itifaki, cheo kwa cheo. Hufuata tarehe ya kuanzishwa, idadi ya wanachama wa kike na wa kiume, mtaji, mkopo na marejesho. Mafanikio hutangulia, changamoto hufuata, na mwisho ni maombi: soko, vifungashio, nembo ya ubora ya TBS, maji. Mara nyingi Afisa Maendeleo ya Jamii ameipitia kabla ya kusomwa, kwani changamoto ikitajwa vibaya itamwangukia yeye hapohapo kwa njia ya agizo. Linganisha risala hiyo na daftari la hisa linalofungiwa katika sanduku la VICOBA lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake. Risala imeandikwa kwa ajili ya mgeni. Daftari ni la wenyewe kwa wenyewe. Pale maandishi hayo mawili yanapotofautiana, kazi ya mtafiti inaanza.

Waliotutangulia wametuachia zana. Harold Schneider, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu Wanyaturu wa Wahi, huko Singida, alionesha jinsi kaya zinavyopiga hesabu ya ng'ombe, nafaka na nguvukazi. Tunajifunza kwake kwamba ushirikiano haufuti hesabu. Marguerite Jellicoe aliandika juu ya mabadiliko ya jamii hiyohiyo katika *The Long Path*, 1978. Terence Ranger, akichunguza ngoma ya beni mwaka 1975, alionesha vyama vya watu wa kawaida vikijipa vyeo na sare vilivyoiga vya watawala. Göran Hydén, mwaka 1980, alidai kwamba wakulima wa Tanzania waliweza kuikwepa dola kwa kuwa hawakuitegemea. Dai hilo lilipingwa sana, lakini linatuachia swali zuri: imekuwaje wajukuu wa wakulima hao leo wanaialika dola, wanaipangia viti na kuisomea risala?

Kulinganisha kutasaidia. Klabu za Rotary, zilizoanza Chicago mwaka 1905, zikafika Nairobi 1930 na Dar es Salaam 1949, zina gavana wa wilaya anayehudumu mwaka mmoja na kutakiwa kuzitembelea klabu zake. Naye hupokewa kwa itifaki, husomewa taarifa, hupigwa picha. Ila gavana ni mwanachama mwenzao anayejitolea, wala hana polisi wala halmashauri nyuma yake. Mkuu wa Mkoa ameteuliwa na Rais na ni mwenyekiti wa kamati ya usalama ya mkoa. Klabu yaweza kumbishia gavana wake bila hofu. Kikundi cha Ikungi, mojawapo ya halmashauri za Singida, kinapotaka kumbishia mgeni wake, kinalazimika kuuficha ubishi ndani ya ombi, na ufundi huo wa kuomba bila kulaumu bado haujaandikwa ipasavyo.

Basi anayeingia katika somo hili achague kikundi kimoja na akifuate kwa mwaka wa fedha, Julai hadi Juni. Awepo risala inapoandikwa, aone sentensi zipi zinafutwa na nani. Awepo siku ya ziara. Kisha arudi msafara ukishasahaulika, aulize agizo lilitekelezwa au la, na nani alithubutu kulikumbusha. Avitembelee pia vikundi vya kuzikana vya kijiji hichohicho, ambavyo havikuitwa siku ile. Nyaraka za Taifa zilizoko Dar es Salaam zitampa taarifa za maofisa wa zamani waliopita njia hizohizo. Lakini hao waliandika upande wa mgeni peke yake. Upande wa wenyeji uko kwenye madaftari ya vikundi, na wenye funguo wapo hai, wanaweza kuulizwa.