Nizwa Tende Zinapoiva

Omani imekaa kwenye pembe ya kusini-mashariki ya Bara Arabu, ikitazama Bahari ya Hindi. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 309,500, yaani kama thuluthi moja ya Tanzania. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu karibu milioni 4 na nusu, na kati ya kila kumi wanne hivi walikuwa wageni, wengi wao wakiwa wamekwenda kutafuta riziki. Mafuta yalianza kuuzwa nje mwaka 1967. Sultani Qaboos alishika utawala mwaka 1970, akafariki Januari 2020 na kurithiwa na Sultani Haitham. Fedha yao ni riali, na riali moja ina baisa 1,000. Mji mkuu ni Maskati, ambako Kiswahili husikika kwa sababu ya familia zilizorejea kutoka Zanzibar na bara, nyingine baada ya mwaka 1964 na nyingine baada ya 1970. Mengine ya namna hii msomaji atayapata katika kitabu chochote cha jiografia. Kuna swali moja, hata hivyo, ambalo kila anayepanga safari ya huko huliuliza na ambalo hujibiwa kwa haraka mno: aende mwezi gani?

Jibu la kila siku ni kwamba aende kati ya Novemba na Machi. Sababu zake ni za kweli. Uchukue mji wa Nizwa, ulioko bara, kilomita kama 150 kutoka Maskati, chini ya milima ya Hajar. Januari mchana wake ni wa nyuzi 25 hivi na usiku huhitaji shuka nzito. Juni na Julai joto hupita nyuzi 40 siku baada ya siku, na zipo siku linapofika 45 na kuzidi. Kwa hesabu hiyo mjadala ungeonekana umekwisha. Lakini ushauri huo umepima kitu kimoja tu, nacho ni mwili wa mgeni. Haukuuliza mgeni amekwenda kuona nini. Anayekwenda kuona ngome atakuta ngome ile ile mwaka mzima. Ni mnara mnene wa mviringo uliojengwa na Imamu Sultan bin Saif al-Yarubi katika karne ya 17, imamu aliyewaondoa Wareno Maskati mwaka 1650. Ipo, ni kubwa, na inastahili kupandwa. Hata hivyo ngome haielezi kwa nini kuna mji mahali pale. Kinachoueleza mji ni falaji, mfereji wa maji, na falaji haieleweki ipasavyo mpaka ionekane ikifanya kazi wakati maji yanapotakiwa kuliko wakati wowote.

Falaji ya Daris, inayonywesha mashamba ya Nizwa, ni mojawapo ya tano ambazo UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nyingine ni Khatmeen iliyoko Birkat al-Mawz, Malki ya Izki, Muyassar ya Rustaq na Jeela upande wa Sur. Kwa jumla Omani ina falaji zipatazo 3,000 zinazotumika mpaka leo, na desturi ya kuongoza maji namna hii ni ya karne nyingi sana. Wenyeji husimulia kuwa ni majini ya Nabii Suleimani yaliyozichimba, na mtu akifikiri kazi ile ilivyo atawasamehe kwa kuona haikuwa ya binadamu. Wachimbaji hutafuta maji chini ya ardhi karibu na mlima, huko kwenye kisima mama, kisha hutoboa njia ya chini kwa chini kuelekea kijijini, yenye mteremko mdogo kiasi kwamba maji hutembea bila kukimbia. Yakikimbia yatakula kuta za mfereji. Yakisimama yataacha tope. Kila baada ya hatua kadhaa huchimbwa shimo la wima la kupitishia hewa na kutolea udongo. Hakuna pampu, hakuna umeme, hakuna mashine. Maji hutoka gizani kilomita kadhaa kutoka yalikoanzia, kwenye usawa ule ule wa mashamba yaliyokusudiwa. Pale Birkat al-Mawz falaji ya Khatmeen hugawanywa mikono mitatu iliyo sawa kabisa, na usawa huo ulipatikana kwa jicho na kamba za mafundi wa zamani.

Uhandisi huo ni nusu ya ajabu yake, na kwa maoni yangu ni nusu iliyo ndogo. Kubwa zaidi ni mgawo. Maji yakiibuka juu ya ardhi, mahali pa kwanza ni pa watu wote kuchota ya kunywa, na hapo hakuna mwenye hisa wala asiye na hisa. Yakiteremka hufuata msikiti, mahali pa kuogea wanaume, mahali pa kuogea wanawake na pa kuoshea maiti. Yakishapita hapo ndipo huingia mashambani, na huko kila mmoja hupewa kwa muda. Kipimo chake ni athari, ambayo ni kama nusu saa. Athari 24 hufanya bada moja, yaani nusu ya siku. Mchana muda ulipimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa penye alama ardhini, usiku kwa kuchomoza na kutua kwa nyota zilizojulikana kwa majina. Saa za mkononi zimechukua nafasi ya nyota sehemu nyingi, lakini zamu zenyewe zimebaki. Zipo hisa za urithi, zipo za wakfu wa misikiti na madrasa, na zipo ambazo ni mali ya falaji yenyewe. Hizi za mwisho hupigwa mnada mbele ya watu, na fedha inayopatikana hutengeneza mfereji unapobomoka. Wakili wa falaji hushika hesabu. Hivyo maji hulipia matengenezo yake mwenyewe, na mfereji haukungojea mfadhili.

Hapo ndipo msimu unapoingia. Katika miezi ya baridi mashamba ya Nizwa yana mambo mengi: ngano, vitunguu, vitunguu saumu, majani ya mifugo. Jua halinyonyi sana, udongo hukaa na unyevu, na mgeni akipita kandokando ya mfereji ataona maji mazuri yakitembea na bustani za kijani, apige picha, aondoke. Hataona kwamba kuna uamuzi wowote uliofanyika. Kiangazi huuonyesha uamuzi huo wazi. Ardhi ya mazao ya msimu, ambayo tangu mwanzo iliwekwa upande wa chini wa shamba, huachwa wazi. Maji yanayobaki hupelekwa kwenye mitende, kwa kuwa ngano hupandwa tena mwaka ujao, lakini mtende uliokufa humgharimu mtu miaka kabla haujapata mrithi wa kuzaa. Mpaka kati ya eneo la kijani na eneo la vumbi ni hukumu iliyoandikwa juu ya ardhi: haya tunayaokoa, haya tunayaacha. Mwenye kuona mpaka huo Julai amefahamu mji wa jangwani. Aliyekwenda Januari ameona bustani.

Na kiangazi hicho hicho ndicho msimu wa tende. Mitende hupandishwa mbegu za dume mwishoni mwa baridi, na matunda hukomaa kadiri joto linavyopanda. Aina ya naghali hutangulia, kisha zinafuata khunaizi na khalasi, na baadaye fardhi na khasabu. Tende mbivu ya mtini, laini na yenye maji, haifanani na ile kavu ya pakiti tunayofungulia saumu Mombasa au Dar es Salaam, na haisafiri. Anayetaka kuila lazima aende ilipo. Vijiji vingine huchemsha tende za mabsili katika masufuria makubwa kabla ya kuzianika juani, kazi inayofanywa Juni na Julai. Omani ina mitende zaidi ya milioni 7. Ndani ya ngome za huko kuna vyumba vya kukamulia asali ya tende, vyenye mifereji midogo sakafuni ya kuipitisha kutoka kwenye magunia yaliyorundikwa. Kumtoa mgeni Nizwa wakati wa tende ni kumtoa mgeni Pemba wakati wa karafuu.

Pingamizi la kwanza ni la afya, na halipaswi kupuuzwa. Joto la nyuzi 45 huua. Serikali ya Omani yenyewe hukataza kazi za nje kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana kuanzia Juni hadi Agosti. Mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito, mzee sana au mtoto mchanga na asubiri baridi, na hoja yangu haimhusu. Kwa mtu mzima mwenye afya, wenyeji wameshaonyesha njia: kazi alfajiri, kulala mchana, kutoka tena baada ya alasiri. Soko la mifugo la Ijumaa, ambapo mbuzi huzungushwa mbele ya wanunuzi, hufanyika asubuhi mapema hata hivyo. Mashamba ya mitende yana kivuli, na maji hupita ndani yake. Tena joto la Nizwa ni kavu, na jasho hukauka mwilini. Kinachotisha zaidi ni pwani: Quriyat, tarehe 26 Juni 2018, usiku mzima joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Mgeni wa kiangazi apite Maskati haraka apande bara. Hata baridi ina hatari zake. Mvua kubwa ikinyesha milimani, mabonde makavu hugeuka mito kwa dakika chache na kuzoa magari.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba falaji ni kumbukumbu tu, kwa sababu maji ya kunywa ya miji ya Omani leo yanatoka baharini, yakichujwa chumvi na kusukumwa kwa mabomba. Ni kweli kuhusu maji ya kunywa. Lakini mitende hainyweshwi maji ya gharama hiyo, na sheria inazuia kuchimba visima karibu na vyanzo vya falaji kwa kuwa pampu moja yenye nguvu inaweza kuukausha mfereji wa kijiji kizima. Kitu cha makumbusho hakihitaji ulinzi wa namna hiyo. Wapo pia wasemao kuwa mgawo huo haukuwa wa haki, kwamba wenye hisa nyingi walikuwa matajiri na wengine hawakuwa nazo kabisa, na kwamba leo jembe liko mikononi mwa vibarua kutoka Bangladeshi na India. Nakubali yote mawili. Lakini tajiri wa hisa hamsini na maskini wa nusu athari walifungwa na zamu ile ile, na maji ya kunywa yalikuwa ya wote kabla ya hisa ya yeyote.

Hapa ni vigumu kutotazama kwetu. Dodoma, ambayo tunaiita kame, hupata zaidi ya milimita 500 za mvua kwa mwaka wa kawaida. Nizwa huishi kwa milimita 100 hivi. Wala hatuwezi kusema hatukuwa na elimu hii. Wachagga walichimba mifongo, mifereji yao ya maji, kwenye miteremko ya Kilimanjaro na kuwekeana zamu, Wamarakwet walifanya hivyo Kenya, na mabaki ya Engaruka yanaonyesha mashamba ya umwagiliaji yaliyokuwepo karne nyingi nyuma. Mifongo mingi imekufa, wakati miradi ya maji iliyozinduliwa kwa ngoma na hotuba imekauka kwa kukosa spea ya pampu, kwa kuwa hakuna hisa iliyotengwa ya kuitengeneza. Saif bin Sultan, mwana wa yule mjenzi wa ngome, ambaye majeshi yake yalitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, anakumbukwa kwao kwa falaji alizochimba na mitende aliyoipanda. Sisi tumehifadhi ngome, na watoto wetu hupelekwa kuitazama. Hakuna anayewapeleka kuutazama mfongo.

Misimu mingine nitaitaja kwa ufupi. Aprili waridi huchumwa Jebel Akhdar, kwenye miinuko ya mita 2,000, na hewa ni nzuri. Juni hadi Septemba kusi, upepo ule ule tunaoujua sisi watu wa pwani, huifunika Salala, mji wa kusini, kwa ukungu na manyunyu, na nusu ya nchi hukimbilia huko; bei za hoteli hupanda ipasavyo, na kuifikia kutoka Nizwa ni safari ya zaidi ya kilomita 800. Ramadhani kwa miaka hii inaangukia miezi ya baridi, jambo ambalo wanaoisifu baridi husahau kumwambia mgeni asiyefunga.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki kalenda yenyewe inamsukuma mahali pazuri. Likizo ya Juni ya shule za Tanzania inakutana na tende za mwanzo, na nje ya Salala vyumba vya kiangazi hupatikana kwa nafuu. Aende mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, alale Nizwa kwenyewe badala ya kwenda na kurudi Maskati, na afuate falaji kwa miguu kuanzia maji yanapoibuka mpaka shamba la mwisho yanapoishia, kabla ya saa mbili asubuhi.