Mtoto haitiki akiitwa? Usingoje hadi aanze shule

Wengi wetu huku Pwani tuna jamaa Nairobi, kule Eastlands: Majengo ya Pumwani, Umoja, Kayole. Huko, kama huku, mtoto asipoitika jina wala kumtazama mamake usoni, jawabu ni moja: "Mwacheni, hata babake alichelewa kusema." Wengine husingizia jini au kijicho. Miaka hupita, na usonji hugunduliwa shuleni.

Kungoja huko kuna hasara. Huko Australia, watafiti walifuatilia watoto 103 wa miezi 9 hadi 14 walioonyesha dalili za mapema. Nusu yao, wazazi walirekodiwa video wakicheza na mtoto, kisha wakafunzwa, kwa vipindi 10 tu, kusoma ishara zake na kumjibu. Matokeo yalichapishwa 2021: kufikia miaka 3, waliobainika kuwa na usonji walikuwa takriban asilimia 7, na 21 kwa wenzao wasiopata mafunzo hayo. Si dawa ya kuponya, bali ni kumsaidia mtoto mapema. Udongo upatize ungali maji.

Ndugu msomaji, mtoto huchanjwa surua akitimu miezi 9. Siku hiyo mwambie muuguzi kama haitiki akiitwa, hasa akiwa na ndugu mwenye usonji. Walioko Eastlands wana taasisi ya KISE, Kasarani, inayowapima watoto. Nyumbani, zima TV, keti naye mkekani, tazama anachokitazama, na akitoa sauti, mjibu. Hilo halina gharama.