Je, Wajua? Nusu Milimita ya Skrubu

Jina Grande Barrière humpotosha mgeni. Kwa Kifaransa ni Kizuizi Kikubwa, lakini kati ya vivuko vya mpaka wa Gisenyi, Rwanda, na Goma, Kongo, chenye umati wa waendao kwa miguu ni kile kingine, Petite Barrière, Kizuizi Kidogo, wanakopita akina mama na mabeseni ya mboga vichwani. Hiki Kikubwa kiko kando ya Ziwa Kivu, nacho ni zaidi cha magari na wasafiri wa mabegi. Katika begi mojawapo tuweke droni ndogo ya kujiburudisha, ile ya propela nne, ambayo mota yake moja imeanza kucheza. Fundi wa simu wa mjini anaweza kuitengeneza kwa dakika kumi, au akaiua kwa dakika hizohizo. Kinachoamua ni skrubu nne zilizo chini ya mota.

Je, wajua kwamba kijichuma hicho tumekikopea jina mara tatu? Kamusi inasema parafujo, na hilo tulilipata pwani kwa Wareno, ambao husema parafuso. Mwingereza akaja na yake, tukapata skrubu. Huku kwenye maziwa Mbelgiji aliacha Kifaransa, vis, na fundi wa Goma akiagiza visi hakuna anayemuuliza anataka nini.

Sasa tuipime. Droni yenye propela za inchi 5 kwa kawaida hufungwa kwa skrubu za M3, yaani zenye unene wa milimita 3. Hesi zake, ile mistari inayoizunguka, zimepishana kwa nusu milimita. Kwa hiyo kila unapoizungusha mara moja, skrubu inazama nusu milimita, wala si zaidi. Mizunguko sita ni milimita 3, na hiyo karibu ndiyo nafasi yote uliyo nayo. Juu tu ya kitako cha mota zimezungushwa nyaya za shaba, ambazo kinga yake ni ngozi nyembamba ya vanishi. Tuseme mkono wa droni una unene wa milimita 5. Skrubu ya milimita 8 itaingia 3 ndani ya mota na kushika vizuri. Ya milimita 10, ambayo kwenye kopo la fundi inafanana na mwenzake kama pacha, itaingia 5. Mizunguko minne ya ziada, na ncha imekwisha kukwangua vanishi.

Hapo tena mambo huharibika kimyakimya. Mikono ya droni hizi ni ya nyuzi za kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Shaba ikigusa skrubu, na skrubu ikagusa kaboni, umeme una njia mpya. Mota inaweza kuzunguka vizuri mezani, kisha ikaungua hewani pamoja na kidhibiti chake cha mwendo. Mwenye droni atalaumu betri.

Kinga yake ni rahisi kiasi cha kuonea haya. Kabla hujaleta mota karibu, pitisha skrubu kwenye mkono mtupu na upime kwa rula ncha iliyochomoza: milimita 2 hadi 3, basi. Ukishafunga, mulika tochi kwa ubavuni uone kama kuna ncha iliyopita kitako. Halafu, betri ikiwa imechomolewa, gusa kwa mita waya mmoja wa mota na kichwa cha skrubu. Mita ikilia, fungua. Wapo pia wanaounga taa ya indiketa ya gari kati ya betri na droni mara ya kwanza wanapoiwasha. Taa ikimweka kidogo na kuzima, salama. Ikiwaka na kubaki inawaka, kuna shoti mahali, nayo taa imezuia moto usifike kwenye mota. Nayapenda maarifa haya kuliko vifaa vingi vya bei. Na propela ziwe zimeng'olewa muda wote huo; kidole hakina spea.

Unadhani kulinganisha skrubu kwa macho ni kosa la fundi wa kibandani tu? Tarehe 10 Juni 1990 ndege ya British Airways iliruka Birmingham kwenda Málaga. Ilipofika futi 17,300 kioo cha mbele kiling'oka, na rubani mkuu, Tim Lancaster, akavutwa nje hadi kiunoni. Wenzake walimshikilia dakika zipatazo 20 mpaka ndege ikatua Southampton, naye akapona. Kioo kilikuwa kimebadilishwa siku moja tu kabla. Kati ya skrubu 90 zilizotumika, 84 zilikuwa nyembamba kwa milimita 0.66 tu, na sita zilizobaki zilikuwa fupi. Fundi alichukua skrubu kuukuu, akatafuta za kufanana nayo kwa macho, bila kufungua kitabu cha spea.

Turudi mezani. Skrubu za chuma zinaingia kwenye alumini, na alumini ni laini. Anza zote nne kwa vidole mpaka zishike, ndipo uzikaze kwa msalaba kama nati za tairi la gari, na ushike ufunguo kwa vidole viwili badala ya ngumi nzima. Ukisikia imegoma, acha. Anayeongeza kidogo ili awe na uhakika ndiye anayeng'oa hesi.

Lakini kwa nini zilegee hata zikikazwa? Mtikisiko. Mota iliyoandikwa 2400KV huzunguka mara 2,400 kwa dakika kwa kila volti ikiwa haina mzigo. Ipe betri ya volti 14.8 na hesabu inapita 35,000 kwa dakika, karibu mara 600 kwa sekunde, kwa kitu chenye ukubwa wa kizibo cha soda. Na Gisenyi inaongeza lake. Uso wa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya bahari, ambako hewa ni pungufu kwa asilimia 13 kuliko Mombasa. Ili droni ileile ielee, propela lazima zizunguke haraka zaidi kwa asilimia 7.

Dawa ya mtikisiko ni gundi ya hesi, nayo ina kisa. Mwaka 1953 Vernon Krieble, profesa wa kemia huko Hartford, Marekani, alitengeneza kimiminika kinachobaki maji kikiwa na hewa, na kuganda kikikosa hewa kati ya chuma na chuma. Ndiyo Loctite. Ndiyo maana chupa yake haijazwi, na plastiki yake hupitisha hewa. Mnunuzi anayedhani amepunjwa dukani ajue ile nusu tupu ndiyo inayolinda nusu iliyojaa.

Tone moja la ile ya buluu linatosha. Nyekundu iache, kwani kuifungua kunataka moto wa nyuzi joto 250 hivi, ilhali sumaku za kawaida za neodimiamu zilizomo kwenye mota huanza kupoteza nguvu zikipita 80. Utaikomboa skrubu na kuipoteza mota. Isiguse beringi wala plastiki pia; plastiki nyingine hupasuka nyufa ikiguswa nayo. Ukikosa kabisa, tone la kyuteksi, rangi ya kucha ya dada yako, hushika kiasi. Tena rangi hiyo ina kazi bora zaidi: chora mstari mmoja unaotoka kichwa cha skrubu hadi kwenye mkono wa droni. Mstari ukikatika, skrubu imegeuka.

Na droni nyingine hujikaza zenyewe. Phantom 2 ya DJI ilikuja na propela ambazo mbili kati ya nne zina hesi za kinyume, ili kila moja ikazwe na mzunguko wa mota yake. Mwendesha baiskeli yeyote wa Gisenyi anaijua siri hiyo, hata kama hajui kwamba anaijua: pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kulia.

Anga ya huku si ngeni kwa mashine hizi. Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulianza kurusha kutoka Goma droni za uchunguzi zisizo na silaha. Oktoba 2016 kampuni ya Zipline ilianza kupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga, na Februari 2020 droni zilishindana Karongi, zikivuka maji ya Kivu. Yako ya begini ni ndogo mno kulinganisha, lakini uwanja wa ndege wa Goma uko kilomita chache tu kutoka kizuizini. Kibali cha mamlaka ya anga kwanza, propela baadaye.